Msimu Niliomshuku Nungunungu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, katikati ya kipindi cha hesabu, kidato cha pili. Bati likanguruma mpaka nikafundisha kwa ishara. Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kumbukumbu za toleo jipya, lakini najijua, nitaishia kuandika ugomvi.

Basi niandike kazi yenyewe, nisije nikasoma mwakani nikajiuliza nilikuwa nahangaika na nini. Asubuhi mimi ni mwalimu. Nikitoka shule ni mtunza vifurushi. Tupo watu kama mia mbili, wote wa kujitolea, tumetawanyika huko na huko. Tunachukua programu huria walizoandika watu wengine, tunazikagua, tunazifungasha, tunazipanga ziwe mfumo mmoja wa Linux ambao mtu yeyote anaweza kuuweka kwenye kompyuta yake. Kila programu iliyofungashwa ni kifurushi, na kila kifurushi kina mtu wa kukilea. Mimi ninavyo kumi na kimoja. Mama akisikia neno "vifurushi" anadhani nauza muda wa maongezi, ananuna kwamba simuungi.

Kinachonikosesha raha ni kimoja tu: programu ya kuchapa lebo za dawa. Hospitali anakofanya kazi dada yangu wanaitumia, na nyingine nyingi nisizozijua. Aliyeiandika aliitelekeza zamani. Mimi ndiye niliyebaki nayo, mwaka wa tisa huu. Kitu kibaya kikipenya pale, mgonjwa ndiye atakayekimeza.

Jumatano, 5 Machi

Amenijia mtu. Anajiita Nungunungu, basi, hana jina lingine, na akaunti yake ina umri wa siku mbili. Ametuma kiraka, ndivyo tunavyoyaita mabadiliko madogo ndani ya programu. Ameandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Pole na kazi. Naomba ukipata nafasi uangalie kiraka hiki, kinahusu jinsi programu ya lebo inavyopanga mistari. Nisamehe kama nimekosea mahali."

Nani kamwambia kwamba mimi ni mwalimu? Mtandaoni najulikana kwa herufi tatu tu. Na shikamoo yote hiyo ya nini? Watu wetu huanza kwa kunitukana, ndipo waombe msaada.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sijamjibu. Akae.

Jumapili, 9 Machi

Dada amekuja mchana, mwavuli umepinduka, viatu mkononi. Mama akamkaribisha kwa maneno mengi kama kawaida. Dada hakuitikia hata moja. Akakaa, akasema, "Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka kikao."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwisho wa mwezi uliopita bibi mmoja alipewa dawa ya moyo. Daktari aliandika nusu kidonge kwa siku. Lebo aliyobandikiwa inasema kidonge kimoja. Bibi wa watu akameza kimoja kimoja siku nne, mapigo ya moyo yakashuka, akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Yupo wodini mpaka leo. Lebo ina jina la dada yangu chini. Kikao ni tarehe kumi na tano Aprili, na wakimkuta na hatia ananyang'anywa leseni. Miaka kumi na tisa kwenye dirisha la dawa inaishia hapo.

"Mimi niliandika nusu," akasema. "Skrini ilisema nusu."

Nikamwambia, "Dada, skrini haiwezi kusema nusu, karatasi ikasema kimoja."

"Programu si yako? Niambie wewe."

Nikaenda chumbani, nikafungua kompyuta yangu, nikaandika dawa ileile, kipimo kilekile, nikaiagiza initolee picha ya lebo. Ikatoka safi: kidonge 1/2. Nikamletea aione. Aliiangalia, kisha akanirudishia kompyuta kwa mikono miwili.

"Labda ulichoka tu, mwanangu," Mama akasema.

Dada akavaa viatu vyake vyenye maji, akaaga. Nasema hapa kwa sababu hakuna anayesoma: simwamini. Nampenda, lakini namjua. Ni mtu wa kufanya mambo matatu kwa wakati mmoja, na mdomo wake haupumziki. Aliandika moja akadhani ameandika nusu, basi. Kinachoniuma ni kwamba anataka kuibebesha programu mzigo wake.

Jumatano, 12 Machi

Nungunungu tena.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Nina wasiwasi kwamba jina la dawa likiwa refu, herufi za mwisho za mstari zinaweza kukatwa. Nimeambatanisha jaribio dogo. Ukiliendesha utaona mwenyewe."

Leo nimekisoma kiraka chake. Ana ujasiri huyu! Anataka kufuta mstari nilioandika mimi kwa mkono wangu miaka minane iliyopita, aweke wake unaopunguza herufi mpaka maneno yaenee. Wakati ule lebo zenye maneno mengi zilikuwa zinamwagikia kwenye lebo ya pili, na pale dirishani walikuwa wanabandika ya kwanza na kutupa ya pili. Dada ndiye aliyeniomba, "Mdogo wangu, hebu ifanye yote yakae pamoja." Nikaongeza mstari mmoja unaozuia maneno yasivuke lebo. Tangu hapo kila toleo likija naubeba mstari ule, nauhamishia kwenye toleo jipya, na haujawahi kuleta neno.

Hata hivyo mimi si mtu wa kupuuza. Nimejaribu majina kumi na mawili, yale marefu ya kuvunja ulimi, yote yameenea na nafasi imebaki. Jaribio lake sijaliendesha. Mashine hii ndiyo yenye ufunguo wangu, faili la siri ninalotilia saini vifurushi, na kompyuta zote zenye mfumo wetu zinapokea chochote chenye saini hiyo bila kuuliza. Msimbo wa mtu nisiyemjua hauigusi. Wote kwenye kazi hii tumeshasikia habari za mgeni mpole anayemzoea mtunzaji aliyechoka, akamsaidia, akamsifu, mpaka siku akikabidhiwa ufunguo anatia sumu.

Nimemjibu kwa mstari mmoja: "Kwangu inatoka sawa."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mtaro wa mbele ya shule umefurika. Wanafunzi kumi na wanne tu darasani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kumpima. Kwetu kuna desturi moja ambayo haina mjadala: hupati ufunguo wala kuaminiwa mpaka watu wawili wenye funguo wakuone uso kwa uso, kitambulisho mkononi. Nimemwandikia, "Tuonane, au walau tuongee kwa video. Dakika tano."

Amejibu baada ya saa mbili: "Kwa sasa haiwezekani, Mwalimu, na sababu siwezi kuisema. Ila ufunguo sijauomba. Kiangalie kiraka, usiniangalie mimi."

Eti usiniangalie mimi! Mtu mwema anaogopa nini kuangaliwa?

Alhamisi, 20 Machi

Nimepita kwa dada baada ya vipindi. Nimemkuta anasugua sufuria ambazo tayari zilikuwa zinang'aa. Mume wake kazini, nyumba kimya, redio imezimwa, yeye ambaye hawezi kumenya hata kitunguu bila redio. Akanimiminia chai. Akaniambia bibi yule ameanza kukaa kitandani mwenyewe, amesikia kwa mfanya usafi wa wodi.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama siku ile alikuwa amelala vizuri.

"Hii ni mara ya tatu unaniuliza hilo," akasema.

"Naulizia tu."

"Uliza tu."

Chai yangu haikuwa na sukari, na dada anajua vizuri vijiko vyangu ni viwili. Nikainywa hivyohivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Sasa ananitisha. Katika ujumbe wa leo Nungunungu ameandika, "Tatizo linaonekana zaidi kwenye karatasi ya milimita hamsini." Karatasi ya milimita hamsini ndiyo wanayotumia hospitali ya dada! Kwenye maelezo ya programu hakuna mahali imetajwa. Halafu anamalizia, "Tafadhali Mwalimu, kabla toleo halijafungwa."

Anajua kazi yangu ya mchana. Anajua karatasi. Anang'ang'ania kifurushi kimoja tu kati ya maelfu, na ana haraka. Nimekaa nikawaza mpaka uji ukaungua jikoni, Mama akanisema. Nimebadilisha nywila zangu zote. Ninapotoka chumbani nafunga mlango kwa ufunguo, Mama ananiuliza kama nimeficha mwanaume.

Alhamisi, 27 Machi

Baruapepe kutoka kwa mkuu wa toleo, ambaye mimi namwita Bwana Kalenda kwa sababu hana lugha nyingine zaidi ya tarehe. Milango inafungwa tarehe kumi na mbili Aprili. Baada ya hapo hakuna kinachoingia isipokuwa cha dharura. Ameniuliza kwa nini kifurushi cha lebo kina kiraka kinachosubiri tangu mwanzo wa mwezi. Nikamjibu, "Namchunguza mwenye kiraka." Akajibu, "Sawa, ila chunguza haraka."

Jumanne, 1 Aprili

Mitihani. Mvua. Nungunungu kimya, na ukimya wake nao siupendi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemshtaki. Nimeandika kwenye orodha yetu ya barua, mbele ya wote mia mbili: akaunti mpya, hana jina, anakwepa kuonekana, anajua mambo yangu binafsi, anataka kuondoa kinga kwenye programu inayogusa maisha ya watu. Nimeyapanga kama hoja za jiometri. Mpaka saa kumi jioni watu thelathini walikuwa wameniunga mkono, na wawili wameniita shujaa. Bwana Kalenda amemfungia akaunti.

Nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya. Nikampigia dada nimsimulie, nikidhani atafurahi kujua namna ninavyoilinda programu ile. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hongera," akasema, na simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Kabla hajafungiwa Nungunungu aliwahi kutuma mstari wa mwisho: "Sitakusumbua tena, Mwalimu. Naomba liendeshe jaribio mara moja tu, kwenye mashine ambayo si yako."

Jumapili, 6 Aprili

Kwa nini isiyo yangu?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesahihisha madaftari arobaini na nimekosea kujumlisha alama za watoto watatu. Kwa nini isiyo yangu? Kama angekuwa na nia ya kuuiba ufunguo, angetaka niliendeshe kwenye mashine yenye ufunguo. Mwizi hakushauri uache pochi nyumbani. Au ndiyo ujanja wenyewe, kuniondoa kwenye uzio wangu? Kesho naliendesha, nimkamate na ushahidi wa wazi, yaishe.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nikiwa maktaba ya shule, saa tisa alasiri.

Mkutubi ana kompyuta kuukuu yenye mfumo wetu na printa ndogo ya kuchapia lebo za vitabu. Nikamwomba anipishe. "Chukua tu, Mwalimu, mvua hii nani atakuja kuazima kitabu," akasema, akaenda kuongea na simu kwenye kibaraza. Nikachomoa waya wa mtandao. Nikaweka programu ya lebo, ileile yangu, yenye saini yangu. Kisha jaribio la Nungunungu, mistari ishirini na mbili. Nikaisoma yote kwanza. Haina ujanja wowote. Inaandika jina refu la dawa, inaandika kidonge 1/2, inachapa, inalinganisha.

Nikaliendesha. Likasema: haikufaulu.

Nikacheka, wallahi nilicheka. Nikasema haya, jaribio lenyewe limechongwa lifeli. Nikaliweka kando, nikafungua programu kama mtu wa kawaida dirishani, nikaandika kwa vidole vyangu dawa ya yule bibi, kidonge 1/2, mara moja kwa siku. Skrini ikaonyesha kidonge 1/2. Nikabonyeza chapa. Printa ikatoa ulimi wake mdogo mweupe.

Kidonge 1.

Nikachapa tena. Kidonge 1. Nikachapa mara sita. Nikaufuta ule mstari wangu, nikachapa. Maneno yakamwagikia lebo ya pili, yakiwa kamili, nusu ikiwa nusu. Nikaurudisha mstari. Kidonge 1. Mstari wangu hauulizi unakata nini. Ukifika ukingoni unakata, na kilichokuwa ukingoni ni alama ya mkwaju na mbili: /2.

Lakini kwangu nyumbani inatoka sawa! Nikatoa kompyuta yangu mkobani, nikapanga mashine zote mbili mbele yangu kama watuhumiwa, nikalinganisha kifurushi kimoja baada ya kingine, na sikufika mbali. Fonti, yaani mtindo wa herufi. Februari mfumo mzima ulipokea fonti mpya, herufi zake pana kidogo. Kompyuta ya maktaba inayo. Hospitali wanayo. Mimi sina. Mwezi wa kwanza, zilipokuwa bado kwenye majaribio, herufi zile ziliniumiza macho, nikaiwekea fonti yangu ya zamani kizuizi ili isisasishwe, nikasema nitakiondoa nikipata miwani mipya. Nikasahau. Miezi mitatu nimewakagulia watu mfumo ambao mimi mwenyewe siutumii.

Na ile picha niliyomwonyesha dada mbele ya Mama ilitoka kwenye kompyuta yangu hiyohiyo.

Mkutubi amerudi, ananiuliza kama naumwa.

Jumanne ileile, saa kumi na moja na nusu

Nimekwenda kwa dada moja kwa moja, mvua imenilowesha mpaka ndani. Nimemwekea lebo sita mezani. Hazikuhitaji maelezo, ni mtu wa kazi hiyo. Alizipanga mstari mmoja kwa kidole.

"Programu ndiyo iliyokosea," nikasema. "Hapana. Mimi ndiye niliyekosea. Mstari ni wangu."

Hakunitazama. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na bahasha. Ndani kulikuwa na barua kwa mkuu wa hospitali, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri: anakiri kwamba siku ile alikuwa amechoka, kwamba aliandika kipimo kisicho sahihi, kwamba anaomba asamehewe na bibi pamoja na familia yake. Alikuwa aipeleke kesho.

"Lakini hukuandika kimoja!" nikasema.

"Nilikuwa najua sikuandika. Ukaja wewe na kompyuta yako." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikasema mdogo wangu anaijua mashine kuliko mimi. Ukaniuliza nilichoka, nikakataa. Ukaniuliza tena. Mara ya tatu nikaanza kukumbuka kwamba nilichoka. Unanielewa? Nikakumbuka kitu ambacho hakikuwepo."

Nikalia. Yeye hakulia. Alinipa taulo.

Jumatano, 9 Aprili

Sikwenda shule. Nimefanya vitu viwili. Kwanza nimepandisha marekebisho ya dharura: nimetumia kiraka cha Nungunungu kama kilivyo, herufi kwa herufi, na jina lake juu yake. Pili nimeandika kwenye orodha.

Bwana Kalenda alinipigia simu, mara ya kwanza kusikia sauti yake miaka yote hii, kumbe ana kikohozi. "Mwalimu," akasema, siku hizi wote wananiita Mwalimu, "si lazima uandike habari za mgonjwa. Andika tu 'upana wa mstari umerekebishwa'. Kila mtu ataelewa."

"Nani ataelewa?"

"Sisi."

"Wanaobandika lebo je?"

Akakohoa. Nikaandika hivi: Mstari unaokata maneno kwenye lebo za dawa niliuongeza mimi. Tangu fonti mpya itoke, unaweza kukata kipimo cha dawa. Kuna mtu ameumia. Yeyote aliyechapa lebo tangu Februari azikague zote. Niliambiwa tarehe tano Machi na mtu niliyemshtaki mbele yenu, nikamfungia mlango. Naomba afunguliwe.

Hakuna aliyeniita shujaa leo. Mmoja ameuliza kama vifurushi vyangu vingine kumi navyo vina mistari ya namna hii. Ni swali halali. Nimeanza kuvikagua kimoja kimoja, na naviangalia kwa jicho lilelile nililomtolea Nungunungu.

Jumamosi, 12 Aprili

Milango imefungwa. Bwana Kalenda ameniandikia tarehe na saa.

Jumanne, 15 Aprili

Kikao. Chumba cha mikutano cha hospitali, meza ndefu, viti vyenye magurudumu, maji yanadondokea ndooni kwenye kona. Niliruhusiwa kuingia kama shahidi. Dada amevaa gauni la kijani na uso ambao siujui. Mkuu wa duka la dawa, bwana mwenye tai fupi, alisoma mashtaka kana kwamba anasoma orodha ya vifaa.

Nikaonyesha lebo. Nikaeleza mstari, fonti, kizuizi changu. Mkuu wa duka la dawa akatabasamu. "Kwa heshima zote, Mwalimu ni mdogo wa mtuhumiwa. Damu ni damu. Tutajuaje kama hakuziandaa nyumbani?"

Kama ningekuwa upande wake, ningeuliza hilohilo.

Hapo ndipo mtu mmoja wa nyuma aliposimama, kijana tu, nywele zimemsimama kichwani kama brashi, kitambulisho cha kazi kifuani. Fundi kompyuta wa hospitali. Akasema kwamba tarehe ishirini na tisa Machi, dada akiwa nyumbani wiki ya tatu, lebo nyingine ilitoka na kimoja badala ya nusu. Mgonjwa alikuwa na binti yake anayekijua kipimo, akairudisha dirishani. Fundi aliichukua lebo ile na kumpelekea mkuu wa duka la dawa. Akaambiwa si kazi yake, na akakumbushwa karatasi aliyosaini ya kutoongea na mtuhumiwa wala ndugu zake mpaka kikao kiishe.

"Leo kikao kipo," akasema. "Naongea." Akaiweka lebo mezani.

Mwenyekiti akamgeukia mkuu wa duka la dawa. "Uliiona hii?" Bwana akaishika tai yake. Baada ya nusu saa dada akaambiwa hana hatia na arudi kazini tarehe ishirini na nane.

Nje, kwenye korido, fundi alinifuata akiwa amebeba katoni ya karatasi za lebo. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na hiyo shikamoo nikaitambua kabla hajamaliza. "Mimi ndiye Nungunungu. Dada yako alikuwa anakusifia sana pale dirishani, ndiyo maana nilijua ni kifurushi chako. Ningekuambia mimi ni nani, ila wewe ni ndugu yake, ushahidi wangu ungetupwa."

"Marahaba," nikasema. Wiki sita za hoja za jiometri, na hilo ndilo neno pekee lililotoka. Kisha nikamwomba msamaha vizuri, mbele ya foleni ya wagonjwa. Akasema yameisha. Sidhani kama yameisha, lakini alinishika mkono.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda wodini kumwona bibi. Nilijieleza mimi ni nani. Alinisikiliza akiwa ameegemea mto. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekula ile nusu," akasema. Nikaitikia ndiyo. Akaniambia nimfungie dirisha, mvua inaingia, kisha niende. Nikafunga dirisha, nikaenda.

Jumatano, 23 Aprili

Vifurushi kumi vimekaguliwa. Viwili vina mistari yangu ambayo leo siwezi kueleza ni ya nini. Nimeitoa. Nungunungu tumeonana na vitambulisho mikononi, mimi na mwenzangu mwingine mwenye ufunguo, na sasa naye anao wake. Sharti alilolitoa yeye mwenyewe: kila kiraka changu kipitie kwake kwanza. Nimekubali.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua zimepungua. Dada amerudi dirishani leo. Nilimpitia saa kumi, zamu yake inaisha, nikasimama pembeni ya foleni nimwangalie. Anafanya kazi taratibu siku hizi. Lebo ikitoka haibandiki. Anaiinua karibu na macho, anaisoma kwa sauti, jina, kipimo, mara ngapi, kisha anaitazama skrini na kuisoma tena. Foleni inanung'unika. Yeye hajali.

Alipotoka nikamwambia, "Dada, siku hizi hakuna haja ya kujichosha vile. Programu imesharekebishwa."

"Najua," akasema, akifungua mwavuli. "Ni nani aliyetia saini marekebisho?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nasoma."